Mhadhiri mpya asisubiriwe aje kugonga mlango

Haya jamani, asanteni kwa kufika, najua wengine mmetoka moja kwa moja kwenye vipindi na wengine kuna marundo ya mitihani yanawasubiri ofisini, kwa hiyo naingia kwenye hoja bila kuzunguka. Nimeombwa niongelee ulezi wa wahadhiri wapya, hawa wenzetu wanaoanza kazi ya kufundisha vyuoni, na nina jambo moja tu ninalotaka muondoke nalo, mengine yote nitakayosema ni maelezo yake: mlezi ndiye anayetakiwa kumfuata mgeni, sio mgeni amtafute mlezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, sisi vyuoni jembe tunampa siku ya kwanza na shamba lenyewe hatumwonyeshi.

Nalikazia hili kwa sababu karibu kila idara niliyowahi kuongea nayo inaniambia sisi ulezi tunao, waandamizi wetu wote wamesema mlango uko wazi mgeni akiwa na shida aje. Sasa hebu jiweke kwenye viatu vya huyo mgeni. Anapita pale mlangoni anamwona profesa kainamia kompyuta, kichwani ana swali ambalo yeye mwenyewe analiona dogo, labda maksi alizoziingiza kwenye mfumo zina kosa na hajui nani anaruhusiwa kuzirekebisha, au mwanafunzi kamletea cheti cha hospitali siku mbili baada ya dedilaini ya asaimenti na hajui chuo kinasemaje. Anajiuliza hivi nikiuliza hili si ataona sijui kitu, na huyu huyu kesho kutwa ndiye atakaa kwenye kikao cha kunithibitisha kazini? Anapita. Anaenda kukisia. Na akikisia vibaya tunamwita ofisini kumuuliza kwa nini hakuuliza.

Yule mwenye shida kubwa zaidi ndiye anayeogopa zaidi kugonga. Huyo ndiye ninayemuongelea leo.

Tukumbuke pia mtu huyu ametokea wapi. Ametoka kumaliza PhD, au bado anaimalizia usiku, amekaa miaka na swali moja, msimamizi mmoja au wawili, data zake na sura zake, anajua kuchimba kitu kimoja mpaka chini kabisa. Halafu tunampa kozi tatu, moja hajawahi hata kuisoma yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, darasa lina watu mia mbili na zaidi, tunamweka kwenye kamati ya ratiba, tunampa wanafunzi wa kusimamia projekti, na tunamwambia kwamba atapandishwa cheo kwa machapisho. Kwenye mafunzo yake ya PhD, kwa sehemu kubwa, hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kutunga mtihani, au kuongoza darasa ambalo nusu yake wamechoka, au kumjibu mwanafunzi anayelia ofisini kwa sababu kapata sapu, yaani kafeli na inabidi arudie mtihani. Hayo yote anategemewa ayajue tu.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, huyu kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980 aliwafuatilia walimu wapya wa vyuo vikuu, aliwahoji, alikaa nyuma ya madarasa yao, aliwafanya waandike muda wao unakwendaje. Alichokiona, mtu yeyote aliyewahi kukaa na mhadhiri mpya atakitambua mara moja. Wengi walikuwa wanatumia muda mwingi kupita kiasi kuandaa lekcha, wanaingia darasani wamejaza vitu vingi mno, wanakimbiza, na lengo lao kubwa lilikuwa wasikosolewe, yaani wanafundisha kwa kujihami. Kuandika walikuwa wanasema wataandika likizo ikifika, na likizo ikifika hawaandiki. Na walikuja wakitegemea wenyeji watawafuata na kuwapa msaada, msaada wenyewe ukaja kidogo sana. Wale wachache walioanza vizuri hawakuwa na akili kuliko wenzao. Walikuwa wanaweka kikomo kwenye maandalizi, wanaandika kidogo kidogo siku nyingi za wiki badala ya kusubiri siku kubwa, na walikuwa wanaongea na wenzao kuhusu ufundishaji na utafiti tangu mapema. Hivyo vyote ni vitu vinavyofundishika! Ni mambo ambayo mtu anaweza kukaa na mwenzake wiki ya kwanza akamwonyesha.

Sasa kumwonyesha kwenyewe kunakuwaje, maana hapa ndipo tunapoishia kwenye maneno matupu ya "utamwongoza mwenzako". Nianze na hizo slaidi.

Mhadhiri mpya ana kipindi cha saa mbili, ameandaa slaidi themanini, amelala saa nane usiku. Anaanza kwa kasi, wanafunzi wananakili, hakuna anayeuliza, muda unaisha yuko slaidi ya hamsini na mbili, zilizobaki anasema mtazikuta kwenye madesa. Anarudi ofisini anaona hawakuelewa, na suluhisho lake ni kwamba wiki ijayo aongeze maelezo zaidi, yaani slaidi zaidi. Mlezi akimwambia "punguza" hajamsaidia, kwa sababu mwenyewe kila slaidi anaiona ya lazima. Mlezi anakaa naye, wanafungua hizo slaidi pamoja, anamuuliza swali moja kwa kila ukurasa: mwanafunzi akikosa hiki, wiki ijayo atakwama? Kama jibu ni hapana, inaondoka, inaenda kwenye kusoma nyumbani. Mtaona zinabaki labda ishirini. Halafu kwenye nafasi iliyopatikana wanatunga pamoja maswali mawili matatu ya kuwauliza wanafunzi katikati ya kipindi, yale ya dakika tatu ongea na jirani yako halafu tusikie. Kazi hiyo inachukua saa moja. Ukiifanya kwa lekcha mbili tu za mwanzo, ya tatu atakuwa anaifanya mwenyewe, na usiku atakuwa analala.

Na hili la kuwashirikisha wanafunzi naomba wakongwe tusilipuuze tukasema sisi tulifundishwa kwa chaki na tukatoka. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya sayansi, uhandisi na hesabu ambapo mwalimu anaongea tu na yale ambapo wanafunzi wanafanya kitu darasani. Kwenye lekcha tupu waliofeli walikuwa wastani wa karibu asilimia 34, kwenye yale ya kushirikisha karibu asilimia 22. Hiyo tofauti ni watu, ni wanafunzi wanaorudia mwaka au wanaorudi nyumbani. Kwa hiyo mhadhiri mpya akija na mbinu ambayo sisi hatujaizoea, kazi ya mlezi ni kumsaidia aifanye vizuri, sio kumrudisha kwenye tulivyozoea.

Halafu kuna kumtembelea darasani, hapa naomba mnivumilie kidogo maana naona ndipo tunapoharibu kuliko mahali pengine popote. Mara nyingi mgeni anatembelewa mara moja, na anayekuja ana fomu, anatiki, ameshika muda, fomu inaenda kwenye faili. Hiyo ni tathmini, ina mahali pake, lakini sio ulezi, na mtu akishaona fomu anaanza kuigiza. Mlezi anaenda kwa namna nyingine. Siku moja kabla anamuuliza, kwenye kipindi cha kesho unataka nikuangalizie nini? Na hapa inabidi kusubiri jibu, maana jibu la kwanza huwa ni "chochote tu Dokta", ukinyamaza kidogo la kweli linakuja, atakwambia naona wale wa nyuma wananipotea, au sijui kama nasikika, au nikiuliza swali wanajibu wale wale watatu. Sawa, kesho unakaa nyuma, humwangalii yeye, unawaangalia wale wa nyuma. Unaandika tu unachokiona: saa nne na dakika kumi watatu wametoa simu, saa nne na robo umeuliza swali ukajijibu mwenyewe kabla hata hawajafikiri, saa nne na nusu umetoa mfano wa lile daraja na wote wakainua vichwa. Hutoi hukumu hata moja. Halafu siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo, mnakaa mahali ambapo hakuna mtu wa tatu, unampa ile karatasi, unamwachia yeye aseme anaona nini. Na karatasi ni yake, wewe usibaki na kopi.

Na kabla ya hapo, mwite yeye kwanza aje kwenye darasa lako. Aone na wewe kuna dakika unapoteza darasa, unalirudishaje. Hakuna kitu kinachomtoa mtu hofu haraka kama hicho, kumwona mwandamizi anauliza swali darasa linanyamaza kimya, mwandamizi anatulia, anasubiri, anauliza kwa njia nyingine.

Mwisho wa semesta inakuja tathmini ya wanafunzi. Mgeni asiachwe aisome peke yake, tena usiku, tena kwenye simu. Maoni mia moja na hamsini, mia moja na thelathini ni mazuri, yeye anakariri yale manne mabaya. Kaeni muyasome pamoja, muyapange: yanayorudiwa na wengi, yale ya mtu mmoja mwenye hasira zake, na yale ambayo hayahusu ufundishaji kabisa. Tena wakuu wa idara msizichukue hizi namba kama mizani ya dhahabu. Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2015 na Lillian MacNell na wenzake, kozi ya mtandaoni, walimu wasaidizi wawili, mwanamke na mwanaume, kila mmoja alishika makundi mawili, kundi moja akiwa na jina lake na jingine akitumia jina la mwenzake. Wanafunzi hawakumwona mtu. Yule waliyedhani ni mwanaume alipewa alama za juu kuliko yule waliyedhani ni mwanamke, bila kujali ukweli ni nani. Mhadhiri mpya wa kike akiletewa namba ambazo ziko chini kidogo ya za wenzake, mlezi wake awe anajua hili na aliseme kwenye kikao.

Kusahihisha nitalipitia haraka. Kabla mgeni hajaanza rundo lake la kwanza, toeni karatasi tano, kila mtu asahihishe peke yake, halafu mlinganishe maksi. Palipo na tofauti ya maksi nane ndipo mtaongea kitu cha maana kuhusu swali lilivyotungwa na mwongozo wa kusahihishia. Basi.

Kamati sasa. Mtu mpya hawezi kukataa, tuseme ukweli. Mkuu anamwita anamwambia tunahitaji katibu wa kikao, tunahitaji mtu wa maonyesho, mtu wa michezo ya wanafunzi, mtu wa kusimamia mtihani wa jumamosi, yeye anasema sawa, sawa, sawa, kwa sababu yuko kwenye muda wa majaribio na anataka aonekane anafaa. Baada ya mwaka tunamuuliza, mbona huna chapisho? Na mzigo huu haugawanyiki sawa. Linda Babcock na wenzake walichapisha mwaka 2017 majaribio yaliyoonyesha kwamba kwenye makundi yaliyochanganyika, ile kazi ambayo kila mtu angependa afanye mwenzake, wanawake ndio walijitokeza zaidi kuibeba, na ikifika mahali pa kumwomba mtu, wanawake ndio walioombwa zaidi. Ila kundi likiwa la wanaume watupu, kazi ilifanyika vile vile, wanaume walijitokeza. Kwa hiyo sio kwamba hawawezi, ni kwamba kila mtu pale anajua nani ataachiwa.

Mlezi anafanya nini hapo? Hamfundishi mgeni kusema hapana halafu akamwacha aende kuisema mwenyewe mbele ya mkuu. Anaibeba yeye. Anaenda kwa mkuu wa idara anasema huyu mwaka wa kwanza apewe kamati moja, tena ile itakayomfundisha chuo kinaendaje, na kozi zisibadilike mwaka wa pili ili yale maandalizi aliyoyatokea jasho yamfae tena. Hilo la kozi naliona ni kubwa kuliko tunavyodhani, mtu akipewa kozi mpya kila semesta anabaki mgeni miaka yote. Na mgeni akiombwa kitu koridoni awe na sentensi ya kusema, "ngoja niongee na mlezi wangu kwanza halafu nakurudishia jibu." Sentensi hiyo ni kinga nzuri kabisa kwa sababu haimkatalii mtu mbele ya uso wake.

Twende kwenye kuandika na kuchapisha, hapa nitakaa kidogo.

Hebu fikirieni siku ile mhadhiri mpya anapata imeili ya jarida. Pepa lake la kwanza baada ya PhD, kakaa nalo, kasubiri miezi sita, anafungua anakuta "tunasikitika", chini yake maoni ya wapitiaji watatu, yaani wataalamu waliopewa pepa walikague, wa pili kaandika kurasa mbili nzima na ameanza kwa kusema mwandishi hazijui tafiti za eneo lake. Anafunga kompyuta. Wengi wanaifunga kwa miezi. Na hakuna anayejua, kwa sababu kukataliwa watu hawatangazi, tunatangaza kukubaliwa tu, kwa hiyo yeye anaamini wenzake wote wanapita yeye ndiye aliyegundulika hajui. Mlezi mwenye jalada la barua zake za kukataliwa ana hazina, aifungue! Amwonyeshe: hii pepa unayoifahamu, ile mnayoitumia darasani, ilikataliwa hapa na hapa, soma waliniandikia nini. Halafu warudi kwenye ile barua ya mgeni. Wachukue karatasi wachore safu tatu, kwanza alichosema mpitiaji kwa maneno machache bila yale ya kuuma, pili anataka nini kibadilike, tatu tutafanya nini. Zile kurasa mbili za mpitiaji wa pili zinageuka kuwa mambo sita, mawili ni rejea alizotaka ziongezwe, moja ni jedwali halisomeki, moja ni hoja ya maana kweli inayohitaji kazi ya wiki tatu, na mawili mnaweza msikubaliane naye na mkaeleza kwa heshima kwa nini. Ghafla ni kazi, haina tena sura ya hukumu. Na kabla hajatoka ofisini mmeshakubaliana itapelekwa jarida gani na lini.

Asipopata mtu wa kumfanyia hivyo ataangukia mikononi mwa majarida feki. Mnazijua hizo imeili, "mpendwa Profesa mheshimiwa, tumevutiwa na kazi yako adhimu, tutumie makala tutachapisha ndani ya siku tano", na ada inatajwa mwishoni ukishatuma. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, ndiye aliyeyapa jina la majarida windaji akawa anatunza orodha yake mpaka alipoiondoa mtandaoni mwaka 2017, na tatizo halikuondoka na orodha. Mgeni aliyekataliwa mara mbili, anayeambiwa kila kikao machapisho machapisho, huyo ndiye wanayemtafuta. Analipa pesa ambayo hana, pepa lake zuri linazikwa mahali ambapo hakuna anayesoma, na siku ya kupandishwa cheo kamati inalikataa. Mlezi amzoeshe kuuliza vitu vichache kabla ya kutuma: nani wahariri, kuna hata mmoja ninayemjua kwa kazi yake? Makala zao za mwaka jana ni za kiwango gani, hebu tusome mbili. Ada imeandikwa wazi? Kama ni la ufikiaji huria, yaani linasomwa bure mtandaoni, lipo kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya aina hiyo? Dakika ishirini, zinaokoa miaka.

Na hapo hapo kuna jambo zito ambalo waandamizi wenzangu lazima nilisemee, la jina kwenye pepa. Mlezi sio mwandishi mwenza kwa sababu tu ni mlezi. Wahariri wa majarida ya tiba kimataifa, wanaofupishwa ICMJE, wameweka masharti manne na yanatakiwa yatimie yote, uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kwenye wazo na mpango au kwenye data, uwe umeandika au umeihariri kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kutafuta fedha peke yake au kusimamia kwa ujumla peke yake hakutoshi, unashukuriwa chini mwishoni. Sio kila fani inatumia kanuni hizo, lakini kipimo chake kinafaa popote. Mhadhiri mpya anayeona kila anayemsaidia anadai jina ataacha kuomba msaada, na ulezi wote tunaouongelea hapa unakufa. Kwa hiyo waongee kuhusu majina mwanzo kabisa, kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na anayetakiwa kuyaanzisha mazungumzo hayo ni mwandamizi maana mdogo hawezi.

Kuhusu kuandika kidogo kidogo, mnaweza kufanya kitu rahisi, asubuhi mbili kwa wiki mlezi na mgeni wanakaa chumba kimoja, kila mtu na kazi yake, simu zimezimwa, saa moja na nusu hakuna kuongea. Hilo tu.

Sasa nani awe mlezi. Msimamo wangu uko wazi, asiwe yule anayesaini fomu ya kumthibitisha. Mkuu wa idara ana kazi yake na anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini mgeni hawezi kumwambia bosi wake kwamba kuna mada kwenye hii kozi siielewi vizuri. Anahitaji mtu ambaye akimwambia hivyo, maneno yanaishia pale. Ahadi hiyo ya siri itamkwe siku ya kwanza kwa mdomo, yanayoongelewa hapa hayaendi kwenye kikao cha idara, na iheshimiwe, kwa sababu ikivunjwa mara moja kila mhadhiri mpya wa chuo kizima atajua kabla ya wiki kuisha.

Tena sio lazima mtu mmoja abebe yote. Kathy Kram, aliyeuchambua ulezi kazini kwenye miaka ya 1980, alionyesha una pande mbili, upande wa kazi yaani kumtambulisha mtu, kumfungulia nafasi, kumkinga, kumpa majukumu yanayomkuza, na upande wa utu, kumsikiliza, kumkubali alivyo, kuwa mfano kwake. Baadaye yeye na wenzake wakasisitiza kwamba mtu anakuzwa na watu kadhaa, sio mmoja. Nakubaliana nalo kabisa. Mhadhiri mpya awe na mmoja wa mambo ya darasa, mwingine wa utafiti hata kama yuko chuo kingine, na wenzake wawili watatu walioanza naye ambao wanakutana wenyewe bila mkubwa yeyote, maana kuna vitu utamwambia tu mtu aliye kwenye hali kama yako. Boice pia aliona kwamba mlezi na mgeni waliopangwa tu pamoja bila kuchaguana, hata wa idara tofauti, walifanya vizuri ilimradi wanakutana mara kwa mara. Kwa hiyo hoja ya "hatujampata anayefanana naye" isitucheleweshe. Kukutana ndio muhimu. Wiki hadi wiki, nusu saa, kwenye ratiba, kama kipindi. Mkisema mtakutana mkipata nafasi, hamtapata.

Kram alieleza pia kwamba ulezi una kuanza, una kukua, una kuachana, halafu unakuja kuwa kitu kingine, mara nyingi urafiki wa watu wanaolingana. Kuachana huko kusiwaumize. Mgeni akifika mwaka wa tatu akaanza kubishana na wewe kwenye semina, tena kwa hoja nzuri, furahi, kazi imefanyika.

Kwa uongozi wa chuo nina ombi moja fupi. Kazi hii ihesabiwe kwenye mzigo wa saa za mwandamizi, iandikwe kama vipindi vinavyoandikwa, na ipate uzito kwenye kupanda cheo. Tukiiacha iwe hisani, itafanywa na wale wale wenye roho nzuri mpaka wachoke.

Na nyie mnaoanza, wengi mmekaa nyuma pale nawaona. Nimesema mlezi awafuate, lakini akishakuja msimpokee kwa "niko sawa tu Profesa". Mpe kitu cha kushika. Usimwambie "naomba unisaidie kwenye utafiti", hilo hajui aanzie wapi, mwambie "shikamoo Profesa, naomba uniangalizie ukurasa huu mmoja wa utangulizi, sina uhakika kama hoja inaonekana." Mwambie "naomba uje Jumanne uwaangalie wale wa nyuma." Akikupa ushauri ukaufanyia kazi, rudi umwambie ilikuwaje, hata kama haikufanya kazi. Na akikupa ushauri ambao kwako haufai, una haki ya kutoufuata, mwambie sababu, mlezi mzuri hatakasirika.

Hapo mlangoni kuna karatasi mbili. Moja ina majina ya wote walioanza kazi semesta hii pamoja na kozi zao, nyingine haina kitu. Waandamizi, naomba kila mmoja wakati wa kutoka achague jina, alihamishie kwenye ile tupu na aandike lake mbele yake, na aandike na siku na saa ya kukutana wiki hii, iwe wiki hii jamani, kabla ya vipindi kuanza kubana. Atakayekuta majina yamekwisha ajiunge na mwenzake, mgeni kuwa na wawili hakuna ubaya. Maswali sasa, na ningependa wa kwanza atoke kule nyuma.